Kando, Pembeni, Ubavuni au Sambamba: Neno Lipi Lifae Wapi

Mwandishi wa Kiswahili anayetaka kueleza kwamba kitu fulani kipo upande wa kitu kingine hana upungufu wa maneno. Kinachomsumbua ni wingi wake. Kando ya, kandokando ya, pembeni mwa, pembezoni mwa, ubavuni mwa, ukingoni mwa, karibu na, jirani na, sambamba na, sanjari na, mkabala na: yote hutumika kila siku katika magazeti, barua za ofisi, hati za ardhi na maelezo ya njia, na mara nyingi hutumika kana kwamba lolote linaweza kukaa mahali pa jingine. Katika mazungumzo ya barazani hilo halina madhara makubwa, kwa kuwa anayesikia anaweza kuuliza na anayesema anaweza kunyoosha kidole. Katika maandishi kidole hakipo, na hapo ndipo uchaguzi wa neno unapoanza kuwa na gharama.

Njia ya haraka ya kuyatenganisha maneno haya ni kuigeuza sentensi. Sema "Nyumba ipo kando ya ziwa", halafu sema "Ziwa lipo kando ya nyumba". Sentensi ya kwanza haina doa. Ya pili inamfanya msikilizaji asite, kwa sababu ziwa ni kubwa, lilikuwepo kabla ya nyumba, na ndilo linalotumiwa kuitambulisha nyumba, wala si kinyume chake. Sasa jaribu na "jirani": "Shule ipo jirani na zahanati" na "Zahanati ipo jirani na shule" zote mbili zinakubalika bila shida, na hakuna anayehisi kwamba moja kati ya shule na zahanati imepewa ukubwa.

Tofauti hiyo imejificha katika neno dogo linalofuata. Maneno yanayofuatwa na "na", yaani karibu na, jirani na, sambamba na, huviweka vitu viwili katika usawa, kwa sababu "na" hiyo ni ileile tunayoisikia katika "kufanana na" au "kukutana na", ambamo pande zote mbili hushiriki tendo moja. Maneno yanayofuatwa na a-unganifu, iwe ni ya, mwa, pa au kwa, hukifanya kitu kimoja kuwa mwenyeji na kingine kuwa kimefika kwake: kando ni ya mto, ubavu ni wa meli, ukingo ni wa kisima. Mwandishi anayekumbuka jambo hili moja tayari amekwisha kupunguza nusu ya mashaka yake, kwani kabla ya kuchagua neno atajiuliza kwanza kama mmoja kati ya vitu anavyovielezea ndiye mwenyeji, au kama vyote viko sawa.

Kando na pembeni

Haya ndiyo maneno mawili yanayochanganywa zaidi, na ndiyo yanayostahili muda mrefu kuliko mengine. "Kando ya" hupenda mwenyeji mwenye urefu au mwenye ufuko: mto, ziwa, bahari, barabara, reli, njia ya maji. Bukoba ipo kando ya Ziwa Victoria na Kigoma ipo kando ya Ziwa Tanganyika. Mama lishe amepanga masufuria yake kando ya barabara. Mwenyeji akiwa kitu kidogo kisicho na urefu wa kutajika, neno hili hupungua nguvu. "Kikombe kipo kando ya sahani" inaeleweka, lakini wengi wetu tungesema "pembeni ya sahani", na nadhani masikio yetu yana haki.

"Pembeni" limetokana na pembe, na maana yake ya kwanza ilikuwa kwenye kona. Maana hiyo haijafa: ukimwambia mtoto aweke ndoo pembeni mwa chumba, ataipeleka kwenye kona au angalau ataisukumia ukutani, hataiacha katikati ya sakafu. Kwa hiyo pembeni hudai kwamba kuna katikati, na kwamba kitu kinachozungumziwa kimeondoka katikati hiyo. Watangazaji wa mpira wanalijua hili bila kufundishwa na mtu. Beki wa pembeni hachezi nje ya uwanja. Anacheza ndani, lakini mbali na katikati, akipanda na kushuka ubavu mmoja wa uwanja. Tukimwita "beki wa kando" tungekuwa tumemweka karibu na mshika kibendera, nje ya chaki.

Hapo ndipo penye mpaka wenyewe kati ya maneno haya mawili. Kando mara nyingi ni nje ya mwenyeji, na pembeni mara nyingi ni ndani yake au kwenye mzingo wake. Gari lililoegeshwa kando ya barabara limeiacha lami na kukaa kwenye udongo. Gari lililoegeshwa pembeni mwa barabara linaweza kuwa bado linakanyaga lami na kuzuia baiskeli. Katika taarifa ya ajali tofauti hiyo si ya mapambo, kwa sababu inagusa swali la nani alikuwa wapi wakati chombo kingine kilipopita. Anayeandika taarifa ya namna hiyo angefanya vyema asitegemee neno lolote kati ya haya mawili peke yake, bali aongeze "nje ya lami" au "ndani ya mstari mweupe".

Matumizi ya kitamathali yamefuata njia hiyohiyo. Kuweka jambo kando ni kuliondoa kabisa kwenye mazungumzo, angalau kwa muda. Kukaa pembeni ni kubaki ndani ya mfumo lakini bila kushika usukani, na ndiyo maana magazeti ya Tanzania huandika kwamba mtumishi "ametakiwa kukaa pembeni kupisha uchunguzi": bado ni mtumishi na jina lake bado lipo kwenye orodha ya mishahara, ila hayupo kwenye kiti. Nchini Kenya nako "mpango wa kando" limekuwa jina la mpenzi wa nje ya ndoa, na hapo neno kando linafanya kazi yake ileile ya kuonyesha kilicho nje ya mstari uliokubaliwa. Mtanzania angesema "mchepuko", akitumia picha nyingine ya barabara.

Umbo la kurudufu, "kandokando ya", si kando iliyotiwa mkazo. Lina maana yake: linaeleza kitu au vitu vinavyoenea kwa urefu, vikimfuata mwenyeji. Miti imepandwa kandokando ya barabara. Vibanda vimejipanga kandokando ya reli. Njia ya miguu inapita kandokando ya mfereji. Mti mmoja hauwezi kuwa kandokando ya barabara, kama ambavyo mtu mmoja hawezi kupanga foleni. Ukikutana na sentensi inayosema "ajali ilitokea kandokando ya mto", mwandishi alihitaji "kando ya" tu.

Kuhusu sarufi, neno kando lenyewe halina kiambishi -ni, kwa hiyo hufuatwa na "ya": kando ya mto, kando yangu, kando yake. Pembeni lina -ni ya mahali, na kanuni ya Kiswahili sanifu ni kwamba nomino yenye -ni ya mahali huchukua mwa, pa au kwa: pembeni mwa uwanja, pembeni pa meza. Hata hivyo "pembeni ya" imeenea kila mahali, katika usemi na katika maandishi, na simwoni mhariri atakayeweza kuizuia. Ushauri wangu ni kwamba katika maandishi rasmi utumie "pembeni mwa" au "pembeni pa", na katika mazungumzo uache ulimi uende unakotaka. Kuchanganya kwa upande wa pili, yaani "kando mwa", ndiko ambako hakuna sababu ya kukuendekeza, kwa kuwa hakuna -ni inayoidai "mwa" hiyo. Anayeitaka na aandike "kandoni mwa".

"Pembezoni mwa" ni jamaa wa karibu, lakini lina makazi yake. Hutumika kwa maeneo makubwa: pembezoni mwa jiji, vijiji vya pembezoni, shule za pembezoni. Linabeba pia hisia ya kusahauliwa na huduma, jambo ambalo pembeni halina. Kuandika kwamba soko lipo pembezoni mwa kituo cha basi, wakati soko na kituo vinatenganishwa na ukuta mmoja tu, ni kulipeleka soko hilo mbali bure.

Ubavuni na mkabala

"Ubavuni mwa" hudai mwenyeji mwenye mbavu, yaani kitu ambacho kina mbele, nyuma na pande mbili zinazojulikana. Mtu anazo, mnyama anazo, meli inazo, nyumba yenye mlango wa mbele inazo. Mto hauna ubavu, na chungu hakina. Kwa hiyo neno hili ni finyu kuliko kando, lakini kwa sababu ya ufinyu huo ndilo linalosema kwa usahihi zaidi.

Swala ya jamaa inatoa mfano ulio wazi. Maamuma, yaani anayeswali akimfuata imamu, akiwa mmoja tu, husimama ubavuni mwa imamu, upande wake wa kulia. Akija mwingine, maamuma wote wawili husimama nyuma ya imamu katika safu yao, na sasa uhusiano kati yao wenyewe si wa ubavuni tena bali ni wa bega kwa bega. Tazama jinsi lugha ilivyogawa kazi: imamu ni mwenyeji, kwa hiyo maamuma wake wa kwanza yupo ubavuni mwake, maamuma wawili ni sawa kwa sawa, kwa hiyo kila mmoja yupo bega kwa bega na mwenzake. Hakuna mtu anayemweleza imamu kuwa amesimama ubavuni mwa maamuma, ingawa kwa kipimo cha rula umbali ni uleule.

Bandarini neno hili hufanya kazi nzito zaidi. Tishali linalopokea shehena katikati ya maji husogezwa ubavuni mwa meli, na mizigo hushushwa kutoka huku kwenda kule. Ukiandika kwamba tishali lilikuwa "kando ya meli" msomaji hajui kama vyombo viligusana au vilikuwa na mita hamsini za maji kati yao. Kosa la kufanana na hili ni la "kutia nanga". Meli iliyotia nanga ipo majini, imeshikwa na nanga yake. Meli iliyofunga gatini imeulaza ubavu wake kwenye gati na kushikwa kwa kamba. Taarifa nyingi za habari husema meli "imetia nanga bandarini" wakati picha inaonyesha abiria wakishuka kwa ngazi moja kwa moja hadi kwenye saruji. Mabaharia wa majahazi, kwa upande wao, hawaridhiki hata na neno ubavu, kwani kwao mbavu mbili za chombo kilicho safarini hazilingani: kuna upande wa joshini, unakotoka upepo, na upande wa demani, unakokwenda.

"Mkabala na" ni neno jingine kabisa, na linapotumiwa kwa maana ya ubavuni, mgeni hupotea. Limetoka katika ukoo mmoja na kukabili na kukabiliana, na maana yake ni kutazamana uso kwa uso, mara nyingi kukiwa na barabara au uwanja katikati. Mtu akisimama katika Bustani ya Forodhani, Unguja, akaipa bahari mgongo, ataliona mbele yake Jumba la Maajabu, lililojengwa mwaka 1883 katika enzi za Sultani Barghash, na ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Mkono wake wa kulia ataiona Ngome Kongwe, ambayo Waomani waliijenga baada ya kuwaondoa Wareno, na mkono wake wa kushoto ataliona Kasri. Katika mandhari hiyo moja maneno yetu kadhaa yanapata nafasi. Ngome Kongwe ipo ubavuni mwa Jumba la Maajabu. Bustani ipo mkabala na Jumba hilo, Barabara ya Mizingani ikipita katikati. Bustani ipo kando ya bahari, lakini Jumba la Maajabu, kwa kuwa kati yake na maji kuna barabara na bustani, linafaa zaidi kuelezwa kuwa linaelekea baharini. Anayemwambia mgeni kwamba Ngome Kongwe ipo "mkabala na Jumba la Maajabu" atamfanya ageuke na kuanza kuitafuta ngome miongoni mwa meza za mishikaki na urojo.

Jambo moja zaidi kuhusu kulia na kushoto. Ubavu wa kulia wa jengo ni upi: ule ulio kulia kwa anayelitazama jengo, au ule ulio kulia kwa anayetoka mlangoni? Kiswahili huruhusu yote mawili, na nyaraka nyingi za ujenzi zimeandikwa bila kusema. Kwa anayeitazama Ngome Kongwe kutoka bustanini, ngome ipo kulia kwa Jumba la Maajabu. Kwa anayetoka ndani ya Jumba kuelekea baharini, ngome ipo kushoto. Sentensi fupi kama "ukiwa unalitazama jengo" huondoa utata wote, na haigharimu kitu.

Sambamba, sanjari, bega kwa bega

"Sambamba na" limetumika kupita kiasi katika lugha ya ofisi hadi limepoteza umbo lake, na ni vizuri tulirudishe kwenye hesabu za shule ya msingi: mistari sambamba ni ile ambayo umbali kati yake haubadiliki na ambayo haikutani. Vitu sambamba lazima viwe na mwelekeo. Nyumba haiwezi kuwa sambamba na mti, lakini uzio unaweza kuwa sambamba na barabara.

Reli ya TAZARA inaonyesha vizuri mahali neno hili linapofaa na mahali lisipofaa. Reli hiyo, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, huelezwa mara kwa mara kuwa inakwenda sambamba na barabara kuu ya Tanzania na Zambia. Kwa kipande cha Makambako, Mbeya hadi Tunduma, maelezo hayo yanakubalika, kwani reli na barabara huandamana na mara nyingi abiria wa basi huweza kuliona treni. Lakini kutoka Dar es Salaam hadi Makambako si kweli hata kidogo. Barabara hupitia Morogoro, Mikumi na Iringa, ilhali reli hukata kusini zaidi, ikapita nyikani na kwenye Bonde la Kilombero kupitia Ifakara na Mlimba. Njia mbili zinazoanzia mahali pamoja na kufikia mahali pamoja si lazima ziwe sambamba; hizo zinaelekea kumoja tu.

Sambamba halidai pia kuwa mmoja awe ukingoni mwa mwingine. Katika Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam njia za mabasi ya mwendokasi zipo katikati, na njia za magari mengine zipo kulia na kushoto kwake. Zote zinakwenda sambamba, lakini hakuna anayeweza kusema njia za mwendokasi zipo kando ya barabara. Hapa "kando" ingekuwa kosa la wazi na "sambamba" ni sahihi kabisa.

"Sanjari na" mara nyingi hubadilishwa na sambamba bila kufikiri. Neno hili asili yake linahusu watu au vyombo vinavyokwenda pamoja kwa kufuatana, kimoja nyuma ya kingine, kama msafara. Kwa hiyo majahazi yanayokwenda sanjari hayako ubavu kwa ubavu. Katika lugha ya ripoti limekuwa na maana ya "pamoja na hilo" au "wakati huohuo", na maana hiyo imekwisha kukubalika. Ninachoomba ni kwamba lisitumike kueleza mahali. "Mtaro umechimbwa sanjari na barabara" ni sentensi ambayo fundi hawezi kuifanyia kazi.

"Bega kwa bega" halihitaji maelezo mengi. Ni la watu, na la vitu vinavyofananishwa na watu, na karibu kila mara lina harufu ya ushirikiano: wananchi walifanya kazi bega kwa bega na askari wa zimamoto. Kwa nyumba zilizoshikana kuta, "zimeshikana" au "zimebanana" yanatosha.

Ukingoni, na kitenzi ambacho tumekisahau

"Ukingoni mwa" ni jembamba kuliko yote. Si kando tu, bali pale hasa mwenyeji anapokomea: ukingoni mwa mto ni pale ambapo hatua moja zaidi ingekulowesha. Ndiyo maana limechukua vizuri maana ya wakati, na waandishi wa michezo huandika kila mwaka kwamba ligi "inaelekea ukingoni". Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inapozuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito na fukwe za bahari na maziwa, inahitaji neno la aina hii, kwa sababu kipimo lazima kianzie mahali panapoweza kuwekwa kigingi. "Mita 60 kutoka kando ya mto" haipimiki, kwa kuwa kando ni eneo na ukingo ni mstari. Tofauti hiyo huwafikia watu milangoni kwao, hasa wanaoishi kwenye mabonde kama la Mto Msimbazi: mtu anaweza kukubali kwa moyo safi kwamba anaishi kando ya mto, na bado akabisha kwamba yupo ndani ya mita zilizokatazwa, na katika kubisha huko asiwe amejipinga.

Kwa anayesafiri, badala ya nomino, Kiswahili kina kitenzi kizuri ambacho kizazi cha sasa hakikitumii sana: kuambaa. Kuambaa ni kupita karibu na kitu, ukiufuata upande wake bila kukigusa. Jahazi huambaa na pwani. Mtu aliyekimbia mvua huambaa na kuta akitafuta upenu. Neno mwambao limo katika ukoo huu. Mwandishi anayeandika "walitembea kwa kupita kandokando ya ukuta" angeweza kusema "waliambaa na ukuta" na akaeleweka upesi zaidi, tena kwa picha iliyo hai. Katika maandishi ya safari na hadithi ningekipa kitenzi hiki nafasi ya kwanza; katika hati ya kisheria nisingekitumia.

Kuhusu maana ya nyongeza, pale ambapo "kando" na jamaa zake huacha mahali na kuingia kwenye hoja, nitapita kwa haraka. Wakenya husema "kando na hayo", Watanzania husema "mbali na hayo", na yote ni sawa. Hatari ipo katika "mbali na" inapokutana na orodha ya watu: "Mbali na watoto, wazee walipewa vyandarua" inaweza kumaanisha kwamba watoto nao walipewa, au kwamba hawakupewa. Andika "pamoja na watoto" kwa maana ya kwanza na "isipokuwa watoto" kwa maana ya pili, ukikumbuka kwamba hata "pamoja na" hugeuka kuwa "licha ya" mbele ya maneno kama mvua au matatizo.

Karibu, jirani na kupakana

Maneno haya matatu yanaunda ngazi. "Karibu na" ni pana na halina kipimo. Linategemea anayesema ana gari au anatembea. "Jirani na" ni finyu zaidi, na linadai kwamba hakuna kitu kikubwa cha aina ileile katikati: shule jirani na shule ni zile ambazo hazitenganishwi na shule ya tatu. "Kupakana na" ndilo la mwisho, na halikubali nafasi yoyote katikati, kwa kuwa limejengwa juu ya mpaka wenyewe. Tanzania Bara haiko tu karibu na Malawi, inapakana nayo. Tanzania na Zimbabwe zinaweza kuelezwa kuwa karibu katika mazungumzo ya ukanda, lakini hazipakani.

Mahali pa kuupima uzito wa ngazi hii ni hati ya mauziano ya shamba, ile inayoandikwa mbele ya uongozi wa kijiji au mtaa kwa kalamu ya wino, ikitaja pande nne na majirani wakaweka sahihi zao. Nimeziona nyingi zenye maneno kama haya: "Shamba lipo kando ya barabara, karibu na mto, mkabala na shamba la ndugu wa muuzaji." Hakuna hata kirai kimoja hapo kinachoweza kusimama mbele ya baraza la ardhi. Kando ya barabara upande gani, na baada ya hifadhi ya barabara au ndani yake? Karibu na mto kwa hatua ngapi, na kutoka ukingo upi? Mkabala na shamba la ndugu kwa maana ya kutazamana nalo ng'ambo ya barabara, au kwa maana ya kushikana nalo, kama muuzaji huenda alivyokusudia?

Maneno yaleyale, yakipangwa kwa uangalifu, huzaa hati tofauti: "Kwa upande wa kaskazini shamba linapakana na shamba la ndugu wa muuzaji, na mpaka wao ni mstari wa minyaa uliopandwa. Kwa upande wa mashariki linaishia kwenye kigingi cha hifadhi ya barabara. Kwa upande wa kusini linaishia umbali wa mita 60 kutoka ukingo wa mto, na ukanda uliobaki hadi mtoni si sehemu ya mauziano haya. Kwa upande wa magharibi linapakana na njia ya miguu inayokwenda sambamba na uzio wa shule." Katika hati hiyo kando haimo, karibu haimo, na mkabala haimo, na majirani wanaoitwa kutia sahihi wanaweza kwenda shambani na kuikanyaga kila sentensi kwa miguu yao kabla hawajashika kalamu.